Tasi wa shemeji na sangara wetu

Wiki kadhaa nyuma shemeji yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, mvuvi mstaafu wa kule, basi asubuhi nikampeleka mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza pembeni ya Ziwa Victoria, tukanunue sato wa mchana. Tumekaa kwenye ndoo tunasubiri yule dada amalize kuparua magamba, jua linawaka, harufu ya dagaa mnaijua, mi nikatoa simu naangalia klipu ya mvuvi mmoja wa Ugiriki anavuta wavu huku analalamika kwa lugha yake. Shem akachungulia begani. "Eh, shem, huyo si tasi huyo?"

Nikamwambia hawezi kuwa tasi, huko ni Ulaya. Akaniomba simu, akasimamisha picha, akaikuza na vidole viwili. "Tasi. Na huyo wa chini anayevimba ni bunju. Wamefikaje huko?"

Mi mtu wa ziwa, tasi namjua kwa jina tu, na bunju kabla ya hapo kwangu ilikuwa ni Bunju ile ya Dar. Ila swali lilinikaa kichwani, nikarudi nyumbani nikaanza kusoma mpaka bando likaisha.

Kumbe ni kweli. Bahari ya Mediterania upande wa mashariki, yaani Uturuki, Lebanon, Saiprasi, Ugiriki, imejaa samaki wa maji ya moto ambao babu za wavuvi wa kule hawakuwahi kuwaona. Waliotokea Bahari ya Shamu peke yao ni zaidi ya aina 100. Tasi wapo wa aina mbili, sio yule yule kabisa wa Tanga ila ni ukoo mmoja, miiba yenye sumu mgongoni vile vile. Shida yao ni kula. Tasi anakula mwani, na kule wamefyeka mwani kwenye miamba mpaka sehemu zingine za Uturuki na Ugiriki imebaki miamba mitupu kama kichwa kilichonyolewa, na samaki wadogo waliokuwa wanajificha mle hawana pa kwenda. Angalau tasi analiwa, Saiprasi wanampenda sana tu.

Bunju ndo balaa. Yule mkubwa wa rangi ya fedha alionekana Uturuki mara ya kwanza mwaka 2003, leo yuko karibu kila mahali upande ule. Ana meno manne kama mdomo wa kasuku, anakata nyavu, anakata mishipi, anakula samaki walioshanaswa. Na huwezi kumgeuza kitoweo, sumu yake haifi hata umchemshe kutwa nzima. Ulaya ni marufuku kumuuza. Saiprasi serikali inawalipa wavuvi kwa kilo wamtoe baharini, Uturuki wamewahi kulipa kwa mkia. Shem nilipomsomea hii alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kwao mtoto wa miaka saba anajua bunju hashikwi, sasa wazungu wanalipwa kumshika.

Sasa wamefikaje. Njia ni mfereji wa Suez, ulifunguliwa 1869. Lakini miaka mingi ya mwanzo waliovuka walikuwa wachache, kwa sababu katikati ya mfereji kuna maziwa ya chumvi kali sana, samaki akifika hapo anashindwa. Chumvi ikaendelea kuyeyuka polepole, mfereji nao ukawa unapanuliwa kila baada ya muda. Halafu maji yenyewe ya Mediterania yamepata joto, na hapo ndo penyewe, maana zamani samaki wa maji ya moto akivuka kiangazi, baridi ya kule inamuua, siku hizi anaishi mwaka mzima anazaa kabisa.

Ila kuna kipande kimoja kilinifanya niweke simu chini nikatoka nje kupunga upepo. Ukuta mwingine uliokuwa unawazuia ulikuwa ni maji baridi ya mto Nile, namaanisha baridi ya kutokuwa na chumvi. Nile ikifurika ilikuwa inamwaga maji mengi sana pale Misri, bahari ya mdomoni inakuwa nyepesi, samaki wa Bahari ya Shamu hawaipendi. Lilipojengwa bwawa kubwa la Aswan miaka ya 60 mafuriko yakaisha, chumvi ikapanda, njia ikawa nyeupe. Na hiyo Nile, wadau, sehemu yake inatoka hapa hapa. Maji ninayoyaangalia nikiwa Kirumba yanatoka ziwani pale Jinja, Uganda, yanaenda. Mafuriko yenyewe mengi ni ya Ethiopia, sitaki kujisifia, ila na sisi tumo.

Na sisi huku juu tulishapigwa kabla yao. Sangara ni samaki wa Nile. Kule Ziwa Albert yupo enzi na enzi, alichoshindwa ni kupanda maporomoko ya Murchison kuja kwetu. Ukuta wa Mungu huo. Miaka ya 50, watu wakambeba wakamvusha, 1954 akawa ameshatiwa ziwani kwetu upande wa Uganda, na miaka ya 60 mwanzoni wakaongeza wengine. Huyu hakuvuka mwenyewe kama bunju, huyu alipandishwa kama abiria.

Kilichofuata wazee wa hapa wanakijua kuliko mi. Ziwa lilikuwa na furu zaidi ya aina 500, vidogo vidogo vya kila rangi, na mpaka miaka ya 70 samaki wengi ziwani walikuwa ni wao. Miaka ya 80 sangara akalipuka. Inakadiriwa aina kama 200 za furu zilipotea, na watafiti wa Kiholanzi walikuwa hapa hapa Mwanza wanahesabu tangu mwishoni mwa miaka ya 70, yaani waliona kwa macho nyavu zao zikibadilika. Wapo furu waliorudi baadae sangara alipovuliwa sana, ila sio wote.

Nisiwe mnafiki lakini. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye sangara. Viwanda vya minofu, mabondo (vibofu vya hewa vya sangara), mapanki (mifupa inayobaki minofu ikitolewa), nusu ya mtaa wetu imejengwa na samaki ambaye sio wa hapa, na sato mwenyewe niliyekuwa nasubiri aparuliwe naye aliletwa miaka ile ile ya 50, wa kwetu asilia walikuwa ni wengine. Kwa hiyo yule Mgiriki akilalamika namuelewa, halafu pia namuangalia tu. Asubiri wajukuu zake wasomeshwe na tasi, wimbo utabadilika.

Shem aliporudi Tanga aliahidi kututumia tasi wa ng'onda, yaani wa kukaushwa. Nikajua ni maneno, jamaa wa pwani na ahadi mnawajua, lakini Alhamisi iliyopita napigiwa simu na wa ofisi ya basi kuna boksi linanuka, nije haraka. Tumewaloweka usiku kucha, dada yangu akawatia nazi kama alivyojifunza kwa wakwe. Mama akakaa, akageuza sahani, akamuangalia yule samaki muda mrefu.

"Huyu naye kaletwa na nani?"

Akala mkia tu, akasema chumvi imezidi, akaomba dagaa.