Mpira wa maji sikioni

Gari langu lilianza kukoroma kama mzee wa barazani kila nikiliwasha, na foleni ya feri pale Likoni si pahali pa kuaibika hivyo. Fundi mmoja akaniambia injini ishushwe. Ishushwe! Nikakata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ncha moja sikioni, nyingine nikaisogeza karibu na oltaneta (ile inayochaji betri), pampu ya maji, kisha puli ya kukazia mkanda (mikono na kanzu mbali na feni, jamani). Hapo kelele ikanijaa kichwani. Nikaurushia mkanda maji kidogo: ungekuwa wenyewe ndio unaolia, mlio ungebadilika kwa muda. Haukubadilika. Basi ni beringi ya puli, zile gololi za ndani zinazoifanya izunguke. Nimeshabadilisha, na injini haijashushwa.