Kuitia dawa alama bila kuibadilisha

Dawa ya kumeza ikishaingia mwilini haibaki kama ilivyotoka kiwandani: ini huivunjavunja, figo huchuja mabaki yake, na sehemu nyingine hutulia katika viungo ambavyo huenda hakuna aliyevitarajia. Kabla dawa mpya haijaruhusiwa, watafiti hutakiwa kujua imekwenda wapi na imegeuka nini. Njia mojawapo ya kulijua hilo imenivutia kwa miaka mingi. Molekuli iliyokwisha kukamilika huondolewa atomu za haidrojeni, moja au zaidi, na mahali pake huwekwa triti, yaani haidrojeni yenye nyutroni mbili katika kiini. Dawa huendelea kutenda karibu sawa na awali, ila sasa hutoa elektroni zinazoweza kupimwa popote ilipo.

Triti hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3, ilhali kaboni-14, alama nyingine yenye mnururisho, huhitaji takriban miaka 5,730. Kwa hiyo atomu moja ya triti hunururisha kwa kiwango kinachozidi kile cha atomu moja ya kaboni-14 zaidi ya mara 400, na hata vipokezi vya ubongo (sehemu za seli ambazo dawa hushika) vilivyo vichache mno huweza kuonekana.

Ugumu uko katika kuiweka. Haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni au nitrojeni hubadilishwa kwa wepesi, lakini ikikutana na maji hutoka kwa wepesi uleule, na alama hiyo ingefutika ndani ya damu. Alama inayodumu ni ile iliyoshikwa na kaboni, na kifungo hicho kwa kawaida hakifunguki kwa urahisi bila msaada wa metali.

Kwa muda mrefu metali iliyotegemewa ilikuwa iridi. Kichocheo chake mashuhuri (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia), alichokibuni mkemia Robert Crabtree katika miaka ya 1970, kilikusudiwa kazi nyingine, yaani kuongeza haidrojeni kwenye vifungo maradufu vya kaboni. Iridi hujishikiza kwanza kwenye oksijeni ya ketoni au amidi, yaani mafungu ya atomu ambamo oksijeni imeungana na kaboni, kisha hufungua kifungo cha haidrojeni kilicho jirani kabisa na hapo. Usahihi wake ni wa kupendeza, na ndio mpaka wake pia, kwani molekuli isiyo na mahali pa kujishikiza haimpi mkemia nafasi, na iliyo napo hupata alama upande uleule siku zote.

Ndiyo maana naithamini sana kazi ya mwaka 2016 ya kundi la Paul Chirik wa Chuo Kikuu cha Princeton, pamoja na wakemia wa kampuni ya dawa ya Merck, waliotumia chuma. Wengi husifu kwamba chuma ni rahisi kupatikana kuliko iridi. Kwangu hilo ni dogo, kwa kuwa kiasi cha metali kinachotumika hapa ni kidogo mno. Jambo kubwa ni mahali chuma kinapofika. Hakiongozwi na oksijeni iliyo karibu, bali huendea haidrojeni za pete (atomu zilizoungana kwa duara ndani ya molekuli) ambazo hazijabanwa na majirani wakubwa, yaani zile ambazo iridi huziacha. Zaidi ya hayo, kilifanya kazi kwa gesi ya triti iliyo chini ya kanieneo ya hewa ya kawaida, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa anayeshughulika na gesi yenye mnururisho.

Mkemia mwangalifu hujaribu kwanza kwa deuteri, yaani haidrojeni yenye nyutroni moja isiyo na mnururisho, ili aone alama inatua wapi kabla ya kuigusa triti.

Kichocheo cha chuma kina udhaifu mmoja mzito: hewa na unyevu hukiharibu, hivyo lazima kishughulikiwe ndani ya kisanduku kisicho na oksijeni. Baadaye kundi hilohilo liligeukia nikeli, ambayo hufanya kazi vizuri kwenye pete zenye nitrojeni, zilizomo katika dawa nyingi sana.