Kiraka: misimu 11, timu saba na karatasi moja niliyoikosa

Jumapili baada ya mazoezi ya watoto nilikuwa nakusanya koni uwanjani, kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Morogoro akanifuata na simu mkononi. Nilianza kumfundisha ana miaka 13. Sasa ana 20, beki wa kushoto kama nilivyokuwa mimi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona hujafika mazoezini?"

"Nimeitwa na timu ya Championship. Wamenitumia mkataba. Naomba unisomee."

Championship ni ligi iliyo chini ya Ligi Kuu; enzi zetu tuliiita Daraja la Kwanza. Kurasa nne zilizopigwa picha, zimekaa upande. Nikakaa kwenye ngazi za saruji, nikazisoma mara tatu mpaka giza likaanza kuingia. Mwaka mmoja. Dau la usajili nusu wakati wa kusaini, nusu mzunguko wa pili. Mshahara umeandikwa kwa tarakimu lakini siku ya kulipwa haikutajwa. Nikamweleza kilichopo na kisichokuwepo. Usiku ule sikulala vizuri, na haya ninayoandika ndiyo yaliyonikosesha usingizi.

Nilicheza mpira wa kulipwa kuanzia 2010 mpaka 2021. Misimu 11, timu saba. Sikuwahi kuvaa jezi ya Simba wala Yanga wala ya Taifa Stars. Ukiniuliza jina langu mjini hapa watakaolijua ni wa Msamvu na Mji Mpya, na wale waliokaa jukwaani Uwanja wa Jamhuri tulipopanda Ligi Kuu 2012. Msimu uliofuata tukashuka. Hapo ndipo safari zangu zilipoanza: mwaka mmoja Daraja la Kwanza, kisha Mtwara 2014/15, Songea 2015/16, misimu miwili Bukoba, msimu mmoja Iringa, halafu miwili ya mwisho tena Daraja la Kwanza.

Watu wanadhani mchezaji anayehama kila mwaka ni mkorofi au hana kiwango. Mara nyingi hata halikuwa suala la kiwango. Mwalimu aliyekusajili anafukuzwa baada ya mechi nane, anakuja mwingine na watu wake, na watu wake wanahitaji nafasi kwenye orodha. Dirisha dogo la usajili likifunguliwa unaitwa ofisini na katibu wa timu. Wala hakuna ugomvi. Chai inaletwa, unaambiwa umefanya kazi nzuri, unapewa barua. Miezi sita baadaye yule mwalimu aliyefukuzwa anapata timu upande wa pili wa nchi, anakupigia simu saa tano usiku: "Upo wapi? Nina shida ya kushoto." Unapanga begi. Timu nne kati ya saba nilizipata kwa simu za namna hiyo, kutoka kwa walimu wawili tu. Mimi nilikuwa mchezaji wa walimu wale kuliko nilivyokuwa mchezaji wa timu yoyote, na hadi leo nawasalimia kila sikukuu.

Kitu kilichonifanya nipigiwe simu ni kwamba nilikuwa kiraka, mchezaji wa kuziba nafasi yoyote. Jina hilo mashabiki wa Bara walilizoea zaidi kwa Erasto Nyoni wa Simba na Taifa Stars, aliyeweza kucheza beki wa kulia, beki wa kati na kiungo cha chini bila timu kuyumba. Mimi nilikuwa kiraka wa timu ndogo. Kazi yangu kushoto nyuma, lakini Songea nilicheza winga mechi sita, na Bukoba nikasimama beki wa kati mwezi mzima wenzangu walipoumia. Timu yenye wachezaji 22 na fedha ya kuwalipa 18 inampenda kiraka. Ubaya wake ni huu: mwalimu hakusahau kamwe kwenye kikosi, ila kwenye kumi na mmoja wa kwanza anakusahau haraka, kwa sababu kila nafasi unayocheza ina mwenyewe.

Ukihamia timu mpya, siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua. Hili nililijifunza Mtwara. Unafika kambini, kitanda kilichobaki ni cha karibu na mlango, unakichukua bila kuuliza. Mtu wa kwanza kumfahamu kwa jina ni mtunza vifaa, maana ndiye anayejua nahodha anachukia nini na nani haongei na nani. Mazoezini unaongea kwa sauti tangu dakika ya kwanza, kwa maneno mafupi: "Geuka!" "Mtu!" "Muda unao!" Kipa akishazoea sauti yako anaacha kukuona mgeni. Na beki wa kati wa upande wako unakaa naye mezani kila mlo wiki nzima, mnaongea habari za nyumbani, watoto, mashamba, chochote. Siku ya mechi hamtapata nafasi ya kuelezana. Akisogea hatua mbili kulia, mwili wako unapaswa uwe umeshajua.

Msimu ule wa Mtwara nilicheza Uwanja wa Taifa dhidi ya Yanga. Uwanja ule unachukua watu 60,000, na ukitoka kwenye njia ya wachezaji kelele inakupiga kifuani kabla ya masikioni. Upande wangu alikuwa Simon Msuva, ambaye msimu huo alimaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Wiki nzima nilimwomba winga wetu mwenye mbio anikimbize baada ya mazoezi, mara 20 kila siku, mpira ukipigwa nyuma yangu. Siku yenyewe niligundua kuwa mbio zake nilizihesabu sawasawa, nilichokosea ni muda. Msuva alianza kukimbia kabla ya pasi, wakati mimi bado natazama mpira. Nilimtazama mabega kipindi chote cha pili badala ya mpira, na kuanzia siku hiyo sikuwahi kumkaba winga kwa namna nyingine. Kijana wangu nilimfundisha mabega kabla sijamfundisha krosi.

Basi ndiyo nyumba ya pili ya mchezaji wa timu ya mkoani. Tulitoka Songea kwenda kucheza na Toto African ya Mwanza, Uwanja wa Kirumba: Njombe, Makambako, Iringa, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, ndipo Mwanza. Miguu inavimba. Tulikuwa tunajaza magazeti kwenye njumu zilizolowa, tunazining'iniza juu ya viti, basi zima linanuka ngozi mbichi na dawa ya kuchua. Mzee mmoja wa benchi la ufundi alikuwa anatuamsha kila baada ya saa mbili tushuke kunyoosha misuli, hata saa tisa usiku barabarani, baridi ya Njombe inakata. Tulimlalamikia sana. Msimu ule sikuvuta msuli hata mara moja, na nimemshukuru mara nyingi kuliko alivyowahi kusikia.

Bukoba nilipapenda. Uwanja wa Kaitaba ulikuwa umewekwa nyasi bandia, mpira unakimbia sawasawa, beki anaweza kupiga pasi ya mita 40 akajua itatua wapi. Ila nyasi zile zikipata jua la saa nane zinapanda joto mpaka nyayo zinawaka, na ukiteleza kukaba unaacha ngozi. Goti langu la kulia lilianza kuuma pale, mwaka wa pili. Mji wenyewe ulitubeba. Msimu wa senene mama mmoja jirani na kambi alikuwa anatuletea wamekaangwa kwenye karatasi, na akituona tumefungwa analeta wengi zaidi.

Nilipofika Iringa 2018 ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38, na hakukuwa na mdhamini mkuu. Anayetazama kwenye televisheni haoni tofauti. Ndani ya kambi tofauti inaonekana kwenye sahani na kwenye maji ya kunywa mazoezini. Pamoja na hayo tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Mei 2019 tuliifunga Yanga 2-0 nusu fainali pale kwetu Uwanja wa Samora, na nimewahi kuona watu wazima wakilia uwanjani, lakini si kama siku ile. Fainali ilichezwa Uwanja wa Ilulu, Lindi, dhidi ya Azam. Tulifungwa bao moja. Nilikaa benchi dakika zote 90, nimevaa soksi mpaka magotini, njumu nimezikaza. Kombe lile lilikuwa linakupeleka michuano ya Afrika. Nilikuwa na miaka 29 na nilijua kabisa kwamba ile ndiyo ndege yangu ya mwisho.

Sasa ile karatasi. Timu siitaji, wala mkoa, wala mwaka. Nilisaini usiku wa mwisho wa usajili, juu ya boneti ya gari, tunamulikiwa na tochi ya simu. Dau milioni nne, mbili siku hiyo, mbili mzunguko wa pili. Mshahara laki tatu na nusu. Nikaambiwa nakala yangu nitaipata ofisini wiki ijayo. Nilienda wiki hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Mzunguko wa pili ukaja bila milioni mbili. Mshahara ukasimama mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Nikawa natoroka kambini Jumapili kwenda kucheza ndondo, mechi za mtaani, kwa elfu thelathini, kwa goti lilelile, ili nitume pesa ya kliniki.

Kanuni za FIFA zinamlinda mchezaji katika hali hiyo. Tangu Juni 2018 zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara miwili ana sababu halali ya kuvunja mkataba, akishaiandikia timu kwa maandishi na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe. Na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, ina kamati inayosikiliza mashauri ya hadhi za wachezaji. Lakini shauri linaanza na mkataba, na mimi wangu sikuwa nao. Nilikuwa na maneno, na mashahidi ambao nao walikuwa wanadai. Nilimaliza msimu, nikaondoka na nauli niliyokopeshwa na mpishi wa kambi. Yule mpishi nilimrudishia, ilinichukua miezi mitatu.

Hili halipo kwetu tu. Mwaka 2016 chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, kiliwahoji wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54, na asilimia 41 walisema wamewahi kucheleweshewa mshahara ndani ya misimu miwili. Niliposoma hilo nilijisikia vibaya kuliko kufarijika. Miaka yote nilidhani ni mimi niliyekosa ujanja.

Wapo waliodumu kwa namna ambayo bado inanipa moyo. Kipa Juma Kaseja alitoka kwenye timu kubwa, akapita Mbeya, akapita Bukoba, akafika KMC ya Dar es Salaam, watu wakisema ameisha. Septemba 2019, ana miaka 34, alikuwa langoni mwa Taifa Stars dhidi ya Burundi kufuzu Kombe la Dunia. Penalti zikafika, Burundi wakakosa zote tatu. Nilikuwa kambini, tumebanana wachezaji 20 mbele ya televisheni moja, na kila mmoja wetu aliyepita miaka 27 alisimama.

Kijana ameondoka Jumatano. Nilimsindikiza Msamvu, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nilimwambia mambo matatu tu kwa sababu alikuwa na usingizi: asisaini bila siku ya mshahara kuandikwa, asitoke ofisini bila nakala, na begi la njumu asilipeleke kwenye buti la basi, akae nalo.

Jana jioni amenitumia picha za mkataba uliosainiwa. Siku ya mshahara imeandikwa kwa kalamu, tarehe 28, na wote wawili wameweka sahihi ndogo pembeni. Nimefurahi mno. Kisha nikakuza picha ya ukurasa wa mwisho. Sahihi ya katibu ipo, muhuri haupo. Nimempigia, akasema wamemwambia muhuri ameondoka nao mtu, atarudi wiki ijayo. Nimemwomba namba ya katibu. Leo saa tatu, ofisi zikifunguliwa, nampigia mwenyewe.