Ada ya Kitanda

Mwaka 2012 nilikuwa karani wa hesabu katika hospitali moja ya kibinafsi magharibi mwa Kenya. Nilipokea malipo na kuandika kibali cha kutoka, kile kikaratasi ambacho bila kukiona askari wa lango hakufungulii. Daktari alisema umepona. Wa kukuruhusu uende nyumbani nilikuwa mimi.

Usiku mmoja bodaboda ilileta mama aliyeshikwa na uchungu tangu asubuhi, mtoto amekaa vibaya tumboni. Daktari mwenye hospitali alimpasua papo hapo, bila kuuliza habari za pesa. Nalitaja hilo makusudi, kwa sababu ya yatakayofuata. Mama akapona, na mtoto pia.

Siku ya kuruhusiwa ikafika. Bili ilikuwa zaidi ya shilingi 40,000. Mumewe alikuwa kibarua wa mjengo Nairobi, hawakuwa na bima, na alichoweza kutuma kwa M-Pesa ni shilingi 6,000. Basi mama akabaki. Walimhamishia chumba cha mwisho, akawa analala kitanda kimoja na mwenzake mwenye deni. Mchana nilimwona kwenye bomba nyuma ya wodi akisuuza nepi kwa mkono mmoja, wa pili ameukandamiza kwenye mshono.

Kila asubuhi nilitakiwa kuongeza ada ya kitanda kwenye bili yake. Hapo ndipo kalamu iliponigomea. Sisi ndio tuliomfungia lango, halafu tunamtoza kwa kukaa ndani! Mumewe angelifikia vipi deni ambalo kila kukicha tunalisogeza mbele?

Nikaenda kumwona daktari. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alinifungulia daftari lake: mitungi ya oksijeni ililipiwa taslimu, wauguzi walimdai mshahara wa mwezi uliopita, na benki ilikuwa ikipiga simu. "Nikiwaachilia wote, kijana wangu," akasema, "mwakani mama kama huyu atakuja usiku akute lango lina kufuli. Utakuwa umemsaidia nani?"

Ni swali zito, na mpaka leo naliheshimu. Wanaozilaani hospitali haraka hawajawahi kutafuta oksijeni saa nane za usiku.

Hata hivyo yeye alikuwa anazungumzia deni, mimi nazungumzia mtu. Nikamwambia: mfugaji akishindwa kulipa mkopo, benki huchukua ng'ombe, haimchukui mke wake. Kisha nikamwekea mezani faili za waliozuiliwa miezi ile. Waliolipa chochote walilipa wiki ya kwanza, mchango wa ndugu ulipofika. Baada ya hapo hakuna aliyeongeza hata senti. Tulikuwa tukiwalisha na kujaza vitanda tu. Metroni, ambaye sikumtarajia, akaniunga mkono. Alihofia mshono wa yule mama ungeoza kwa msongamano ule.

Daktari alinyamaza muda mrefu, kisha akakubali. Ada ya kitanda ifutwe kuanzia siku ya kuruhusiwa. Shemeji ya mama alete barua ya chifu na nakala ya kitambulisho, mume aahidi kwa maandishi kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Kesho yake jioni niliandika kibali.

Mume alilipa miezi kadhaa, pesa zikakoma. Daktari aliniita akanionyesha safu tupu kwenye daftari, akaniuliza kama ningeandika kibali kile tena. Nikamjibu ndiyo, ningeandika. Deni lililobaki tulilifuta.

Juni 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma. Septemba 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani mwaka 2010, iliamua kwamba kumzuia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Nilifurahi sana. Lakini jaji hakuulizwa mitungi ya oksijeni italipiwa na nani, na swali hilo la daktari bado liko palepale. Siku hizi nimo katika kamati ya fedha ya hospitali nyingine. Kila tunapopanga bajeti ya mwaka, nasisitiza fungu la madeni yasiyolipika litengwe kwanza, kabla ya rangi ya kuta na viti vya mapokezi.