Kofia ya George Herriman

Leo umeme ulikatika ofisini, nikabaki na simu tu. Nikajikuta nimezama kwenye maisha ya mchora katuni mmoja wa Marekani, George Herriman.

Jamaa alizaliwa New Orleans mwaka 1880, familia ya Wakrioli, yaani damu mchanganyiko ya Kiafrika na Kizungu. Akiwa bado mtoto wazazi wakahamia Los Angeles, na huko wakawa wanahesabiwa kuwa Wazungu.

Kuanzia 1913 hadi alipofariki 1944 alichora katuni ya Krazy Kat kwenye magazeti ya William Randolph Hearst.

Paka anampenda panya. Panya anamtwanga tofali la kichwa. Paka anaona tofali ndilo penzi lenyewe! Mbwa askari anamtia panya lupango.

Miaka 30 ni hivyo hivyo, na hauchoki.

Wasomaji wengi hawakuielewa, ila Hearst aliipenda akailinda. Bosi wa hivyo utampata wapi, jamani?

Kilichonishika ni picha zake. Karibu zote kavaa kofia, hata akiwa mezani anachora. Wapo wanaosema alikuwa anaficha nywele zisimfichue asili yake. Wenzake gazetini walimwita Mgiriki.

Cheti chake cha kuzaliwa kilikuja kuibuliwa 1971: mtu wa rangi. Cheti cha kifo kinasema Mzungu.

Nimerudia kuzitazama zile picha, macho yanakimbilia kofia tu.

Wachoraji mliomo humu, hii Krazy Kat mmeshaisoma? Nianzie miaka ipi?