Mama ake hakucheka

Juzi jumapili tulikuwa Sahare, Tanga, kwa kaka, tumekaa uani na samaki tuliowanunua pale pale ngalawa zilipoingia, binti yake wa miaka 13 anapaa changu huku anaongea, akasema akimaliza shule anataka jeshi la wanamaji aje aongoze manowari. Weee, mjomba wake alivyoangua kicheko! Eti mwanamke bahari yake mwisho magotini, akaokote pweza maji ya bamvua yakitoka. Mtoto akainamisha kichwa akaendelea na samaki wake, na yale maneno yananiuma mpaka leo.

Sasa mwanangu soma hii ya shangazi ako. Kuna mama Marekani anaitwa Michelle Howard, amezaliwa 1960, baba ake alikuwa jeshi la anga. Ana miaka 12, mdogo kuliko wewe, akaona kwenye tv kipindi cha vyuo vya maafisa wa jeshi akasema na mimi nataka, kumbe sheria ya kwao hairuhusu wanawake kabisa. Mama ake hakucheka. Alimwambia ngoja ukue, ukiwa bado unataka na sheria iko vile vile tutaishtaki serikali. Yaani mzazi anamwambia hivyo mtoto wa miaka 12! Sheria ikabadilishwa 1975, yeye akaingia chuo cha maafisa wa jeshi la majini kule Annapolis 1978, akahitimu 1982, na 1999 akakabidhiwa USS Rushmore, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza meli ya jeshi lile.

Wa umri wangu mnakumbuka 2009 maharamia walivyotutia hofu pwani hii. Aprili mwaka ule meli ya mizigo ya Marekani, Maersk Alabama, ilikuwa inakuja hapo Mombasa, ndani ina na chakula cha msaada, ikavamiwa, nahodha wake akachukuliwa mateka kwenye boti ya kuokolea. Kikosi cha kupambana na maharamia kilikuwa chini ya huyu mama, siku chache tu tangu akabidhiwe, na nahodha akatoka hai.

Tarehe 1 Julai 2014 akawa admirali wa nyota nne, mwanamke wa kwanza jeshi la majini la Marekani. Na hapa ndo pananigusa kuliko kote: alipopiga simu kuagiza vile vibao vya begani vya kike vyenye nyota nne akaambiwa havipo, hakuna anayevitengeneza, maana hakujawahi kuwa na bega la kike la kuvivaa, ikabidi vishonwe upya kwa ajili yake. Alistaafu 2017, vibao vipo.

Kaka nimeshaongea nae. Jumamosi maji yakijaa nampeleka mtoto Raskazone aanze kuogelea, maana kazaliwa Sahare, kakulia Sahare, kaka zake wote wanapiga mbizi tangu wadogo, na yeye hakuna hata mmoja aliyewahi kumfundisha.