Siku moja maishani mwangu: nesi wa wodi ya wanaume, Moshi

Saa 11 alfajiri alamu inalia, nje baridi kweli, mwezi wa saba Moshi baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Naoga, napiga pasi yunifomu, nabandika kifuani saa yangu yenye mshale wa sekunde, hii siisahau hata siku moja maana bila mshale wa sekunde huwezi kuhesabu pumzi za mtu vizuri. Saa 12 na nusu nipo Pasua nasubiri daladala, mlima uko wazi, Kibo inaonekana yote, ikifika saa 4 hapo mawingu yatakuwa yameshaufunika.

Saa 1 na nusu ripoti. Tunapita kitanda kwa kitanda na sista wa usiku, amechoka macho mekundu lakini anaeleza kila kitu, nani alipandisha homa, nani dripu yake imevimba mkono, nani hajakojoa toka jana. Leo tuko manesi wawili na mwanafunzi mmoja kwa wagonjwa 31. Kitanda namba 9 kuna mzee ameletwa usiku, kiharusi, upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki.

Saa 2 tunaanza vipimo, presha, joto, mapigo, pumzi. Mwanafunzi nikamuona anahesabu pumzi sekunde 15 halafu anazidisha mara nne, nikamwambia mdogo wangu hapana, hesabu dakika nzima, na usimwambie mgonjwa kama unamhesabia maana akijua tu anabadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Mzee alikuwa 18, nikaiandika kwenye faili. Hiyo namba ndo mara nyingi inayoanza kubadilika kabla mgonjwa hajazidiwa, na ndo hiyohiyo watu wengi wanaibuni, kwakweli inaniuma sana.

Saa 2 na nusu akaingia binti wa yule mzee na chupa ya mtori, ametoka nao nyumbani Kibosho, ukifungua tu harufu inajaa wodi nzima. "Dokta, shikamoo, pole na kazi, naomba nimlishe baba hajala toka jana mchana." Hapa Moshi ukiwa mwanaume umevaa nyeupe kila mtu anakuita dokta, mimi huwa nawaambia palepale, dada mimi ni nesi. Nikamwomba asubiri kidogo. Akabadilika, "yaani unamnyima baba yangu chakula?" na wale wa vitanda vya jirani wote wakageuka kutuangalia.

Sikumjibu kwa maneno mengi. Tukamkalisha mzee wima kabisa na mito mgongoni, nikamsalimia kwa Kichaga akafungua macho, bas nikajua yuko macho vizuri. Nikachota maji kijiko kimoja kidogo cha chai, nikaweka kidole koromeoni kusikia kama linapanda akimeza. Likapanda kwa kuchelewa, baada ya sekunde chache akakohoa, na alipojaribu kutoa sauti ikatoka ya majimaji kama mtu anayesukutua. Nikamwambia binti, umesikia hiyo? Hayo ni maji ya kijiko kimoja tu, sasa fikiria mtori, kile kiharusi kimelegeza hata koo, chakula kinaweza kwenda kwenye mapafu badala ya tumbo na mzee akapata nimonia juu ya ugonjwa alionao. Akakaa kimya, akafunga chupa yake taratibu. Nilimwonea huruma, mtori ndo ilikuwa njia yake ya kumwambia baba yake nipo.

Raundi ilifika saa 3 na nusu, nikamweleza daktari nilichokiona, akakubali tuweke mpira wa puani, ule unaoshuka mpaka tumboni wa kumlishia. Tulipouweka tukavuta maji ya tumboni tukapima asidi kwanza kuhakikisha uko tumboni kweli, kabla ya kupitisha kitu chochote.

Kati ya saa 4 na saa 7 ni dawa, vidonda, kanula, simu, ndugu. Yule baba wa kitanda namba 3 mwenye kisukari nilimshikilia sindano yake ya insulini mpaka nilipoiona sahani ya chakula mbele yake kwa macho yangu. Akaja na jirani yangu wa mtaani, anataka kujua mgonjwa fulani anaumwa nini, nikamwambia kaka muulize mwenyewe. Alikasirika. Tarehe 12 Mei kila mwaka, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, yule mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, tunawasha mishumaa tunarudia kiapo chetu cha manesi, na siri ya mgonjwa imo mule ndani, haijalishi unayemnyima habari mnapakana ukuta.

Mzee tunamgeuza kila baada ya masaa mawili asipate vidonda vya kulala. Saa 6 na nusu nikamfundisha binti, mkono huu begani, huu kwenye nyonga, usimvute kwenye shuka maana ngozi inachubuka, angalia kisigino na mfupa wa kiunoni kama pamekuwa pekundu. Alafu tukauchuja ule mtori mpaka ukawa mwepesi kabisa, tukampa kidogokidogo kwa mpira, kichwa kimeinuliwa, na tukamwacha hivyohivyo nusu saa baada ya kumaliza. Binti ndo aliyeshika bomba la sindano, mimi nimesimama pembeni namhesabia mzee pumzi. 18 bado.

Saa 9 na nusu nikakabidhi zamu. Kitanda namba 9, kwa mdomo hapewi kitu, wala maji, mdomo usafishwe, saa 10 na nusu ageuzwe ubavu wa kushoto. Nilipokuwa nachukua begi binti akanifuata mpaka mlangoni.

"Nesi, kesho upo?"

Nipo, dada. Saa 1 na nusu.